Kipozeo Alichopewa Mjomba

Rafiki yake mjomba alikuwa ameacha kutengeneza bia nyumbani. Kila alichopika kilichacha. Alibadilisha hamira, akabadilisha ndoo, bia ikazidi kuchacha, mwisho akagawa vyombo vyake. Mjomba akapata kipozeo cha mabamba, kidogo lakini kizito, chenye matundu manne: maji ya kimea, yale maji matamu ya nafaka yanayogeuzwa bia, hupita upande mmoja wa mabamba, na maji ya bomba ya kuyapoza upande wa pili.

Kabla ya kukigusa kwa maji, mjomba alikinusa tundu baada ya tundu, kisha akanipa na mimi. Matundu mawili ya maji ya bomba hayakunuka kitu. Lile linaloingiza maji ya kimea lilinuka hopsi zilizokauka, maua yanayoipa bia uchungu. Linaloyatoa lilinuka siki.

"Umeisikia, mpwa wangu? Ugonjwa wa bia yake uko hapa."

Nilimwelewa mara moja. Maji ya kimea huingia yakiwa yametoka kuchemka, karibu nyuzi 100, kwa hiyo upande wa kuingilia huchomwa kila siku ya kupika. Upande wa kutokea hupitisha yaliyokwisha kupoa, nyuzi 20 hivi, na kutoka hapo hayakutani tena na moto. Kijidudu kilichojibanza humo kinafika kwenye ndoo kikiwa hai, pengine kabla hamira haijaamka.

Koili ya shaba, kipozeo cha aina nyingine, unaitazama, ukiona uchafu unausugua. Hiki hakifunguki. Mabamba yake ni ya chuma kisichoshika kutu, yameunganishwa kwa shaba iliyoyeyushwa, na njia kati yao ni nyembamba mno hata brashi haipiti. Klorini nayo hatukuifikiria kabisa, maana hutoboa chuma hicho taratibu.

Tulianza na maji moto kwa kinyume, tukiyasukuma kutoka tundu la kutokea kuelekea la kuingilia, kwa sababu uchafu uliobanwa na mkondo hutoka kwa kurudishwa ulikotoka. Mjomba alikinga kitambaa cheupe. Vikaja vipande vya majani ya hopsi, halafu maji meupe. Akakiinamisha kipozeo, akakipiga ubavuni kwa kiganja, vikaja vingine. Akapiga tena. Kazi hii ilichukua muda mrefu kuliko zote, na nilipenda jinsi alivyokataa kuyaamini maji yale meupe.

Kisha kostiki soda, dawa kali ya kusafishia. Tulivaa glavu na miwani, akamimina soda kwenye maji polepole, kamwe si maji juu ya soda, gramu 20 kwa kila lita, ndani ya sufuria isiyo ya alumini kwa kuwa soda hula alumini. Pampu ikayazungusha yakiwa moto. Yaliingia kama maji ya kunywa, yakarudi kama chai ya rangi: protini na sukari za pombe za zamani zilikuwa zimeachia. Tukamwaga, tukachanganya soda nyingine, tukarudia mpaka yalipoacha kubadilika rangi. Baada ya kusuuza sana tukapitisha asidi ya sitriki upande wa maji ya bomba, kuyeyusha chokaa.

Nilidhani tunafungasha. Mjomba akawasha oveni.

"Soda huosha inapofika," alisema. "Moto hufika kote."

Tulikikausha, tukakiweka kwenye nyuzi 180 kwa zaidi ya saa moja. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, kwa hiyo viungo havikuwa hatarini. Jiko zima likanuka sukari iliyoungua, na hapo nikajua bado kulikuwa na kitu ndani. Tulikiacha kipoe chenyewe, kisha tukarudisha maji kwa kinyume. Kwenye kitambaa yakaanguka magamba meusi, makavu, mepesi, ambayo maji wala soda havikuwa vimeyang'oa. Mjomba aliyakusanya kwa ncha ya kisu, akayatia kwenye karatasi ampelekee rafiki yake.

Bia ya kwanza tuliyoipitisha humo haikuchacha. Mjomba aliweka masharti mawili: hopsi zipikwe ndani ya mfuko wa kitambaa zisifike kwenye mabamba, na kipozeo kirudishiwe maji moto kwa kinyume kabla ya mtu yeyote kukaa kupumzika, kisha kisimamishwe matundu chini kichuruzike. Rafiki yake alipoletewa ile karatasi aliomba arudishiwe ndoo zake.