Julian Bond, mbunge aliyechaguliwa mara tatu ndo akaapishwa

Kura 2,320 kwa 487. Hayo ndo matokeo ya Juni 15, 1965 kwenye eneo la uchaguzi namba 136 la Baraza la Wawakilishi la Georgia, pale Atlanta, na aliyeshinda alikuwa kijana wa miaka 25 anaitwa Julian Bond. Sijaona rekodi ya mbunge wa jimbo huko Marekani inayonigusa kama ya huyu jamaa. Watu wakimtaja wanaanza na NAACP, kile chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi Marekani, kwamba aliongoza bodi yake toka 1998 mpaka 2010, sawa, ni kazi kubwa, lakini mimi naona tuanzie kwenye sanduku la kura maana ugomvi wote ulianzia hapo.

Kwanza hicho kiti chenyewe kilipatikanaje. Georgia ina kaunti 159 na kwa miaka mingi kila kaunti, hata iwe na watu wachache kiasi gani, lazima ilikuwa na angalau mwakilishi mmoja, na zile kubwa kabisa zilikuwa na watatu basi. Kwa hiyo Fulton, ambayo ndo Atlanta, yenye watu zaidi ya nusu milioni, ilikuwa na watatu tu, halafu kaunti ya mashambani yenye watu elfu mbili hivi nayo ina wake. Piga hesabu mwenyewe uone nani alikuwa anatawala nani. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaja kusema miaka ya mwanzo ya 60 kwamba uzito wa kura lazima ulingane, Georgia ikalazimika kugawa viti upya, Atlanta ikapata viti vya kutosha na maeneo ya watu weusi yakapata nafasi ya kujichagulia mtu wao. Kule namba 136 kulikuwa na wapiga kura kama 6,500, na karibu 6,000 kati yao weusi. Bond alikuwa msemaji wa SNCC, kile chama cha vijana wa harakati za haki za kiraia, alikuwepo tangu kinaanzishwa 1960 na alishaacha masomo chuo cha Morehouse kwa ajili hiyo.

Sasa njoo Januari 1966. Tarehe 3 kijana mmoja anaitwa Sammy Younge, mwanafunzi wa Tuskegee aliyewahi kutumikia jeshi la majini, akapigwa risasi akafa kwenye kituo cha mafuta Alabama kisa kutaka kutumia choo cha wazungu. Tarehe 6 SNCC wakatoa tamko kali la kupinga vita ya Vietnam, wakasema serikali inayoshindwa kumlinda mtu kama Younge nyumbani haina uso wa kwenda kusema inatetea uhuru wa watu wengine mbali huko. Bond hakuliandika yeye. Ila ripota wa redio akampigia simu siku hiyohiyo akamuuliza unaliunga mkono, akasema ndio. Angeweza kuzunguka maneno, siku nne tu zimebaki aapishwe, nani angemlaumu, lakini hakuzunguka.

Wabunge 75 wakapeleka malalamiko kwamba huyu hafai, ati hawezi kuapa kuitetea Katiba akiwa anamaanisha. Tarehe 10 amefika bungeni kuapa, karani akakataa kumwapisha mpaka malalamiko yasikilizwe kwanza. Kwenye kusikilizwa wakamkomalia na ile kadi ya kuandikishwa jeshini, maana kipindi hicho kuna vijana walikuwa wanazichoma hadharani, naye akawajibu hajawahi kumshauri mtu yeyote achome ya kwake, na ya kwangu ninayo mfukoni hapa nitaitoa mkitaka. Hilo jibu nalipenda sana, mtu kakaa mbele ya ukumbi mzima unaotaka kumfukuza na hajapandisha sauti wala hajarudi nyuma hata hatua moja. Akasema yuko tayari kula kiapo na anakubaliana nacho. Wakapiga kura, 184 wanataka asikae, 12 tu upande wake.

Na hii Georgia si mara yake ya kwanza, 1868 bunge hilohilo liliwafukuza wabunge weusi waliochaguliwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Henry McNeal Turner akiwa mmojawao, wakarudishwa 1870. Yani karibu miaka mia baadaye ni nyumba ileile na tabia ileile, sababu tu ndo imebadilishwa jina.

Martin Luther King akaingia naye kwenye kesi, akaongoza na maandamano kwenda jengo la bunge. Mahakama ya shirikisho ya majaji watatu ikasema mbili kwa moja kwamba bunge lilikuwa na haki, jaji Elbert Tuttle peke yake ndo akakataa. Wakati rufaa inasubiriwa gavana Carl Sanders akaitisha uchaguzi mdogo kujaza kiti kilichoachwa wazi, na nani kagombea? Bond tena. Akashinda kwa mbali sana. Kamati ya kanuni ya bunge ikamwita, ikataka ajirudi kwenye maneno yake, hakujirudi, kiti wakakizuia tena. Septemba akashinda mchujo wa chama chake cha Democratic, Novemba akashinda uchaguzi mkuu. Watu wa namba 136 waliambiwa mara mbili huyu hatumtaki na kila wakiulizwa wanaleta jina lilelile. Hapa mimi ndo namvulia kofia mpiga kura kuliko hata Bond mwenyewe, maana yeye alikuwa na mawakili na magazeti, mpiga kura ana ile karatasi yake tu na mwaka mzima hana mwakilishi bungeni.

Desemba 5, 1966 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kauli moja, majaji wote tisa, hukumu kaiandika Jaji Mkuu Earl Warren: bunge la jimbo haliwezi kumwekea mbunge kipimo cha maoni kikali kuliko kile cha raia wa kawaida, tena mbunge ndo anatakiwa awe na uhuru mpana zaidi wa kusema kuhusu sera. Januari 1967 akaapishwa.

Baada ya hapo watu wanarukia Chicago 1968, mkutano mkuu wa Democratic, alipotajwa kuwa mgombea mwenza wa urais akiwa na miaka 28 wakati Katiba inataka 35, akajitoa. Tukio zuri la televisheni, mimi silipi uzito mkubwa. Uzito ninauona kwenye miaka 20 aliyokaa bungeni, Baraza la Wawakilishi mpaka mwanzo wa 1975 kisha Seneti ya jimbo mpaka 1987, muda wa miaka miwili miwili, anarudi kwa wapiga kura na wanamrudisha. Kuna lawama kwamba alikuwa mtu wa safari na mihadhara kuliko vikao, na naona ilikuwa na ukweli, wenzake wengi hawakumsamehe na miswada yake ilipata shida.

Ila 1981 alifanya kazi moja kubwa mno. Mipaka ya viti vya Kongresi ilikuwa inachorwa upya na yeye akapeleka ramani ya eneo la tano, la Atlanta, lenye weusi karibu asilimia 69. Bunge likapitisha la asilimia 57 hivi, ambalo ukiangalia walioandikishwa kupiga kura wazungu bado ndo wengi. Kesi ikaenda Washington, 1982 mahakama ikakuta wazi kabisa kwamba ubaguzi ulikuwepo kwenye kuchora ile ramani, ikaikataa, eneo likachorwa upya likafika kama asilimia 65.

1986 kiti hicho kikawa wazi na Bond akakigombea, naye John Lewis akakigombea, rafiki yake wa tangu SNCC, watu waliozunguka Kusini pamoja kuandikisha wapiga kura. Raundi ya kwanza ya mchujo Bond asilimia 47, Lewis 35. Hakufika nusu, wakaenda duru ya pili, na ile duru ikawa chafu, Lewis akamtaka apimwe dawa za kulevya mbele ya watu kwenye mdahalo. Septemba 2 Lewis akashinda 52 kwa 48. Wapiga kura weusi wengi walikwenda kwa Bond, wazungu wakaenda kwa Lewis kwa wingi mkubwa, na hao ndo walioamua.

Hakugombea tena. Alikwenda kufundisha, chuo kikuu cha Virginia kikiwa kimojawapo, baadaye NAACP, akafariki Agosti 15, 2015 akiwa na miaka 75. Lewis alikaa kwenye kile kiti mpaka anafariki 2020 na alikitumikia kwa heshima, hilo sina ubishi nalo hata kidogo. Lakini ningekuwa mpiga kura wa Atlanta Septemba ile ningempa Bond, na ningempa kwa sababu ya 1981, maana kiti kile kingekuwa cha mtu mwingine kabisa kama yeye asingekaa kwenye Seneti ya Georgia akigombana na ramani.