Sindano namba 25

Sindano ninayoitumia sana kwenye cherehani yangu ni 90/14. Mafundi wengi hapa Kiyembe, katikati ya Kampala, husema tu "namba 14", lakini ile 90 ndiyo unene wenyewe: milimita 0.90. Kwa satini nashuka hadi 65/9, na nyembamba kuliko hiyo sina. Basi siku dada muuguzi aliponionyesha pakiti ya sindano za akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano, imeandikwa 0.25, nilipiga hesabu ya fundi: hii ingekuwa namba 25, na haina hata tundu la uzi. Nikacheka, hofu ikapungua nusu.

Nilifika kwenye kliniki yao na bega la kulia zito kama la mtu aliyetoka kisimani na debe kichwani. Wateja wangu wengi ni Wakongomani wanaonunua vitenge kwa jumla, na wanataka nguo ziwe tayari kabla basi lao halijaondoka. Ukiinama saa 9 kwa siku, miaka nenda miaka rudi, shingo lazima iseme. Yangu ilianza kwa kukakamaa asubuhi, maumivu yakateremka begani, mwishowe kidole cha pete na kidole cha mwisho vikaingia ganzi, tena mkono wa mkasi. Eksirei ilionyesha pingili za shingo zimechakaa. Nikapewa diklofenaki. Nilimeza miezi 3, mpaka musawo, yaani daktari wa hospitali anayenipima presha, akanikataza. Dawa za aina hiyo hupandisha presha, na mimi nameza amlodipini miligramu 5 kila asubuhi tangu nijifungue kitindamimba wangu.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Jirani wa meza ya pili alinihurumia, akanielekeza kwa muuzaji mmoja wa dawa za Kichina mjini. Nikauziwa boksi la unga wa kukoroga kwa maji moto. Lilijaa herufi za Kichina, hakuna neno la Kiingereza wala Kiswahili, wala alama yoyote kwamba limepita NDA, mamlaka yetu ya dawa. Muuzaji hakuniuliza hata kama nina mimba. Alichukua kalamu akaandika "2x3" juu ya boksi, basi. Siku ya tatu moyo ukawa unadunda nikiwa nimelala chali, usingizi hakuna. Kwenda kupima: 178/106. Musawo akaniuliza, "Mama Hamisi, umekula nini?" Nikamwambia labda chumvi. Boksi lilikuwa ndani ya mkoba wangu, magotini.

Ni mteja wangu mmoja, mwalimu, aliyenipeleka kwenye kliniki ninayotibiwa sasa. Cheti cha daktari kilikuwa ukutani, nami nilisimama nikakisoma chote kabla ya kukaa. Uganda ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2019, na nilikuwa nimeshaumwa na nyoka, naogopa hata ung'ongo. Daktari ni mama wa Kichina mtu mzima, na muuguzi, binti wa Jinja, anamtafsiria.

Nilidhani nitalazwa nichomwe niende zangu. Kumbe karibu saa nzima ilikuwa maswali. Nalala saa ngapi? Nikiamka usiku, ni saa ngapi? Choo kikoje, hedhi ikoje, napenda maji baridi au ya moto? Kisha: "Mama, toa ulimi." Aliutazama ulimi wangu nilivyozoea mimi kutazama kitambaa kwenye mwanga. Ukienda, usiupige mswaki asubuhi hiyo wala usinywe kahawa kabla, maana rangi na utando wa ulimi ndivyo anavyovisoma. Baada ya hapo akanishika mapigo kwa vidole vitatu, mkono mmoja kisha wa pili, kimya, kwa muda mrefu kuliko musawo yeyote aliyewahi kunigusa.

Alipouliza ninameza dawa gani, safari hii sikusema chumvi. Nikatoa amlodipini, nikatoa na lile boksi. Akaligeuza, akaweka kidole juu ya herufi mbili, akatikisa kichwa. Mahuang. Muuguzi akanieleza: boksi lilikuwa Gegen Tang, mchanganyiko wa kale sana, na kweli ni wa shingo na mgongo uliokakamaa. Muuzaji hakukosea ugonjwa, alikosea mgonjwa. Mahuang ni mmea wenye efedrini, unasukuma moyo na presha juu. Humo humo kuna gancao, yaani urukususu, ile mizizi mitamu, nayo ikitumika sana hupandisha presha na kupunguza potasiamu mwilini. Mtu wa presha kupewa vyote viwili bila kuulizwa! Nilitamani kurudi kwa yule muuzaji na mkasi wangu mkubwa.

Siku hiyo sikupewa dawa ya kunywa, nilichomwa tu. Wagonjwa wapya wote huuliza kuhusu ukimwi, na mimi niliuliza, hakuna aliyekasirika. Kila sindano iko kwenye pakiti yake, inafunguliwa mbele yako, ikitoka mwilini inaingia kwenye kisanduku cha kutupia sindano na haitumiki tena. Ukiona kinyume cha hapo, vaa viatu uondoke.

Zilikuwa 14. Moja kati ya kidole gumba na cha shahada, moja kwenye ukingo wa kiganja upande wa kidole cha mwisho, nyingine shingoni na mgongoni. Ile ya juu ya bega daktari aliiweka kwa uangalifu wa pekee: aliibana nyama kwa vidole, akaingiza kidogo tu. Baadaye nikaambiwa sababu. Chini ya pale kuna pafu, na sindano ikizama vibaya inaweza kulitoboa. Ndiyo maana nasema usichomwe na mtu aliyejifunza kwa kutazama video.

Inauma? Kuingia ni kama kung'atwa na sisimizi. Kinachoshangaza ni kinachofuata. Anaizungusha kidogo, na panakuja uzito, si maumivu, ni kama mtu anakubonyeza kwa ndani. Wanauita deqi, na daktari huusubiri uje. Mimi ule wa mkononi ulitambaa hadi kwenye kiwiko. Kisha wanakuacha dakika 25 umelala. Mara ya kwanza nilihesabu mbao za dari. Mara ya tatu nilikoroma.

Mara ya pili niliharibu. Nilikwenda sijala tangu asubuhi kwa sababu ya kazi, sindano ya tano nikaona giza, jasho baridi. Walizitoa zote haraka, wakanilaza miguu juu, nikanyweshwa chai ya sukari. Kula kwanza, japo katogo kidogo, zile ndizi zetu za mchanganyiko.

Maelezo yao ni kwamba mwilini kuna nguvu, qi (wanatamka "chi"), inayopita kwenye njia kuu 12, na inapokwama ndipo panapouma. Vituo vya kuchoma vinavyotambuliwa ni 361. Mimi qi sijaiona. Nimesoma kwamba sindano huamsha neva na mwili hutoa vituliza maumivu vyake wenyewe, na kwamba watafiti wakichoma watu pasipo vituo, baadhi nao hupata nafuu. Kwa maumivu sugu ya shingo, mgongo na goti ushahidi upo, hata kama tofauti si kubwa sana. Atakayekuambia inaponya kisukari au saratani, mkimbie.

Kikao cha nne daktari alileta vikombe vya kioo. Muuguzi akahangaika kunieleza, nikamkatiza: "Kumbe ni kuumikwa!" Marehemu babu aliumikwa kwa pembe ya ng'ombe. Nilitoka na miduara ya zambarau mgongoni, mume wangu akauliza nimepigana na nani. Nikamwambia nimepigwa chuku, na hapo sikupiga chuku.

Dawa za mitishamba zilikuja baadaye, presha ilipotulia. Daktari aliandika orodha bila mahuang na bila gancao, nikaipeleka kwa musawo, akaibandika kwenye daftari langu la hospitali. Na la boksi nilimwambia siku hiyo. Alinitazama kitambo, akasema tu, "Chumvi, eh?" Tukakubaliana napimwa kila wiki.

Ulikuwa mfuko wa mizizi ya gegen, vijiti vya mdalasini, tangawizi, vipande vyeupe vya mzizi wa baishao, na matunda mekundu yaliyokunjamana. Mama alikuwa amekuja kutoka Busia, akachukua moja akanusa. "Hizi si kunazi?" Ni ndugu zake kweli, ni kunazi wa Kichina. Unaloweka nusu saa, unachemsha, unachuja, unaongeza maji unachemsha tena, unachanganya maji yote mawili na kunywa asubuhi na jioni. Usitumie alumini, na sufuria zetu karibu zote ni alumini, kwa hiyo nilinunua chungu. Ladha yake ni ya ugwadu na udongo.

Mama hakushawishika. "Mwanangu, tangu lini Mchina akajua shingo ya Msamia?" Nikamkumbusha kwamba Coartem tunayomeza tukishikwa na malaria asili yake ni mmea wa Kichina, qinghao, na mama aliyeuchunguza, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Akajibu, "Hicho ni kidonge. Kimepimwa kiwandani. Wewe unachemsha kuni." Sikuwa na jibu zuri, bado sina.

Kila siku niliandika kwa chaki, ubavuni mwa meza ya kukatia, nimeshona dakika ngapi kabla ganzi haijaja. Mwanzo 40. Baada ya vikao 4, 55. Baada ya vikao 10, saa 2 na dakika 10. Lakini katikati nilipandisha kiti kwa mto na kuanza kusimama kila nusu saa, kwa hiyo sitaapa kwamba ni sindano pekee. Kikao kimoja ni shilingi 50,000. Nusu milioni nzima, ningeongeza cherehani.

Kidole cha pete kimerudi. Cha mwisho bado kinalala. Kikao kijacho nimekiweka baada ya Idi, maana kabla ya Idi hakuna fundi wa Kiyembe mwenye nafasi ya kujilaza dakika 25 mchana.