El Jem na Mahdia: pwani ya Sahel ya Tunisia iliyotajirishwa na zeituni

Watu wengi wakifika Tunisia wanaishia beach za mji wa Sousse tu, na mi naona wanakosa utamu wenyewe, maana Sahel, yaani ukanda huu wa pwani ya mashariki, unaijua ukishatoka mjini. Nilipanda louage pale Sousse, ni vigari vya abiria wanane, ratiba hakuna, kikijaa ndo kinaondoka. Tulivotoka mjini ikaanza mizeituni, ikaendelea mizeituni, imepandwa kwa mistari na kila mti umeachiwa nafasi kubwa. Mzee niliyekaa naye akanambia mvua huku ni ya shida, ukiibananisha inanyang'anyana maji huko chini.

Kilomita kama 60 hivi, katikati ya huo uwanda mkavu, likatokea El Jem. Jamani! Uwanja wa maonyesho wa Warumi, wa mawe, umeenda juu mita 36 hivi na uliingiza watu kama 35,000, na mji unaouzunguka ni mdogo mno. Mawe yenyewe yalitolewa pwani, Salakta, yakasombwa mpaka huku. Nikawa najiuliza hela ilitoka wapi kumbe jibu nimelipita njia nzima, mafuta ya zeituni. Enzi hizo mji uliitwa Thysdrus na mafuta yake yalikuwa yanapelekwa Roma. Mwaka 238 vijana wenye mashamba wakachoka kukamuliwa kodi, wakamuua ofisa wa kaizari, wakamtawaza gavana wao Gordian, mzee wa miaka kama 80, awe kaizari yeye. Haikufika hata mwezi, mwanae akafa vitani karibu na Carthage na mzee akajiua. Nilisimama pale chini kwenye mchanga nikiwawaza hao wakulima, yaani waliitikisa dola nzima kwa ajili ya miti ileile niliyokuwa naiona dirishani.

Nikamalizia Mahdia, kwenye rasi nyembamba iliyoingia baharini. Wafatimi, ukoo wa makhalifa wa Kishia, waliihamia 921 ikawa makao yao makuu, na ukipita lile lango, Skifa el Kahla, unaelewa kwa nini, ukuta mnene na njia ni moja tu, adui atapita wapi? Ni hao hao jeshi lao liliiteka Misri 969 wakaanzisha Cairo.

Ukienda anza El Jem asubuhi, jua halijawa kali, kisha Mahdia. Kurudi Sousse panda treni ya Métro du Sahel, inapita Monastir alikozaliwa na kuzikwa Bourguiba, rais wa kwanza wa Tunisia, na ribat ya huko, ngome ya zamani ya Waislamu ya mwaka 796, bado imesimama. Shuka uione.