Miaka ya IGP Mwema, nikiitazama kutokea kaunta

Wiki hii nimekuwa nikimfikiria sana Said Mwema. Sina undugu naye wala sijawahi kukaa naye meza moja. Alikuwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Tanzania kuanzia 2006 mpaka mwisho wa 2013, miaka ambayo mimi nilikuwa kijana wa kurudi nyumbani usiku kwa miguu, Mbagala. Kwa kijana wa namna hiyo IGP si jina la gazetini tu. Ndiye mkubwa wa wale wanaokumulika tochi usoni na kukuuliza unatoka wapi.

Kilichonikumbusha ni ulinzi shirikishi, ambao mtaani kwetu umefufuliwa. Mjumbe anapita nyumba hadi nyumba na kaunta buku lake, anaandika nani katoa mchango wa mwezi na nani kaahidi kesho. Vijana wamepewa filimbi, marungu na makoti yenye mistari ya kung'aa. Wengi wa vijana hao walikuwa watoto wadogo Mwema alipokuwa akizunguka mikoani kuhubiri polisi jamii, yaani polisi na raia kulinda mtaa pamoja, na hawajui kwamba wanachokifanya kilisukumwa na mtu mmoja kwa bidii kubwa.

Alikabidhiwa jeshi wakati mbaya. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva teksi, waliuawa Dar es Salaam, na wanaotuhumiwa walikuwa polisi wenyewe. Rais Kikwete akaunda tume ya Jaji Kipenka, maofisa wakafikishwa mahakamani, nchi nzima ikawa inazungumza habari hiyo. Wakati huo Omari Mahita alikuwa amekaa kwenye kiti cha IGP miaka kumi. Sisi wa rika langu tulimjua Mahita kwa ile "ngunguri" yake, aliyoitoa kuwajibu CUF, chama cha upinzani, na "ngangari" yao. Watu walicheka, lakini Januari 2001 raia waliuawa kwa risasi za polisi Unguja na Pemba, na tangu hapo neno lile halijanichekesha tena.

Mwema akaja kutoka ofisi ya Interpol, Nairobi, na lugha nyingine kabisa. Usasa, weledi, polisi jamii. Utii wa sheria bila shuruti. Maneno hayo yalibandikwa kila mahali. Kaulimbiu ni rahisi kutunga, na mimi kwa kawaida siziamini. Hii niliiamini kwa sababu ya kitu nilichokiona kituoni.

Zamani, ukienda kushtaki kwamba mumeo amekupiga, ulisimama kaunta pamoja na aliyeibiwa simu, aliyekuja kumwekea dhamana mdogo wake, na wapita njia wawili watatu. Mama mmoja jirani yetu alikwenda taya likiwa limevimba. Askari akamuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Ulimfanya nini mpaka akupige?" Kisha akaambiwa arudi nyumbani wakayamalize kifamilia. Alirudi. Hakwenda tena polisi kwa miaka.

Dawati la Jinsia na Watoto lilianzia katika uongozi wa Mwema. Safari ya pili ya mama yule nilimsindikiza mimi. Aliingizwa kwenye chumba chenye mlango unaofungwa, akamkuta askari wa kike aliyevaa nguo za kiraia, kuna viti viwili na boksi la tishu. Alisikilizwa mpaka mwisho, akapewa PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa, aende hospitali, bila kuombwa hata shilingi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje, na niliona alivyotoka ameshika ile karatasi kwa mikono miwili. Siwezi kuandika habari za Mwema nikaliacha hilo.

Wala siwezi kuyaacha mengine. Januari 5, 2011, watu waliuawa Arusha polisi walipovunja maandamano ya Chadema. Septemba 2, 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu na mwili wake, akiwa amezingirwa na askari. Ile picha niliiona na sijaisahau. Mwaka 2016 mahakama ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Askari mmoja. Na pale hakuwa peke yake.

Halafu, hazijapita hata wiki saba baada ya Nyololo, usiku wa kuamkia Oktoba 13, RPC, yaani kamanda wa polisi wa mkoa, wa Mwanza, Liberatus Barlow, akapigwa risasi na kufa. Kwa hiyo katika kipindi kifupi hivyo mkuu yule yule alikuwa na msiba wa kamanda wake mkononi, na damu ya raia mlangoni. Nimejaribu kujiweka kwenye nafasi yake. Najua kupanda kutoka konstebo aliyetoka depo, chuo cha polisi cha Moshi, mpaka huko juu ni ngazi nyingi, na kila ngazi inakutoa mbali zaidi na kaunta. Mkaguzi, mrakibu, kamishna, miaka inakwenda kwa uhamisho na mafaili. Na ukifika kileleni, Rais ndiye amekuteua na ndiye anayeweza kukuondoa, kwa hiyo siku ya mkutano wa upinzani simu unazozisubiri hazitoki kwa mjumbe mwenye kaunta buku.

Hilo halimpunguzii mzigo. Mimi naamini mkuu wa polisi hubeba yote, dawati na bomu. Ukikubali sifa ya mama aliyesikilizwa, kubali na swali la mwandishi aliyezingirwa. Inaniuma kwamba tumezoea kuwagawa wakuu hawa mafungu mawili, wazuri na wabaya, kisha tunasubiri uteuzi mpya. Baada ya Mwema alikuja Ernest Mangu, kisha Simon Sirro mwaka 2017, kisha Camillus Wambura mwaka 2022, na kila mara mtaani tuliulizana kama huyu ni mkali au mpole. Mimi swali langu ni jingine. Askari wakitoka kambini na mabomu kwenda kwenye mkutano wa siasa, amri hutoka kwa nani, huandikwa wapi, na nani hujibu mtu akifa?

Natamani siku moja Mzee Mwema akae chini atusimulie mwenyewe, kwa urefu, bila msemaji. Aanze na Septemba 2012.