Nilivyoseti kirekodi joto kwenye friji ya insulini, Majengo

Duka letu la dawa liko Majengo, Mombasa, na friji yake ni ya nyumbani, ile ya mlango mmoja yenye sehemu ya barafu juu. Ndani mna insulini na dawa nyingine chache zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kwa muda mrefu tulitegemea kipimajoto cha kawaida na daftari: tukifungua duka mtu anasoma na kuandika, jioni kabla ya kufunga anasoma tena. Daftari lilisema 5, 6, 5, 7, mwezi baada ya mwezi. Usiku kucha hapakuwa na wa kusoma. Nikamwomba mwenye duka anunue kirekodi joto, kidude cha ukubwa wa kidole gumba chenye betri yake, kinachopima na kuweka kumbukumbu chenyewe, kisha unakichomeka kwenye USB ya kompyuta kuona kilichojiri.

Kazi yenyewe iko kwenye kukiseti. Programu inauliza maswali machache, na kila jibu lina uzito wake.

Nilianza na saa, kwa sababu kirekodi hufuata saa ya kompyuta iliyokiseti. Kompyuta ya dukani ni kuukuu na stima ikipotea tarehe hurudi miaka nyuma, kwa hivyo hairuhusiwi kugusa kirekodi mpaka saa yake irekebishwe na majira yawe ya Afrika Mashariki, yaani saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima. Nikawaomba wenzangu pia tuandike daftarini kama kirekodi kiandikavyo. Mtu akiandika stima ilipotea saa tatu, baadaye nani atajua kama ni 09:00 au 21:00?

Kisha muda kati ya kipimo na kipimo. Changu kina nafasi ya vipimo 16,000. Ukipima kila dakika, hivyo ni vipimo 1,440 kwa siku na nafasi inajaa baada ya siku 11. Ukipima kila saa, unakaa karibu miaka miwili, lakini mota ya friji huwaka na kuzima mara kadhaa ndani ya saa moja, na kushuka kwa joto kwa muda mfupi kutakupita. Nilichagua dakika 5: vipimo 288 kwa siku, siku 55 hivi kabla ya kujaa. Kikijaa, nimekiambia kiandike juu ya vipimo vya zamani badala ya kusimama. Insulini iliyomo frijini leo ndiyo inayonihusu, na data ya nyuma naipakua kila mwisho wa mwezi kabla haijafutwa.

Kengele ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Virekodi vya siku 30 vinavyotumika kwa chanjo, kwa masharti ya Shirika la Afya Duniani, hutoa tahadhari joto likikaa juu ya nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au chini ya nyuzi -0.5 kwa dakika 60. Tazama tofauti hiyo: saa kumi upande wa joto, saa moja tu upande wa baridi. Insulini nayo ina ubaguzi wa namna hiyo. Chupa inayotumika huvumilia wiki kadhaa nje ya friji ikiwa chumba hakina joto kali, lakini ikiganda mara moja haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi machoni. Kwa hivyo nimeweka taa nyekundu iwake joto likizidi nyuzi 8 kwa dakika 60, ili kufungua mlango kuhudumia wateja kusiwashe taa bure, na upande wa chini iwake likishuka chini ya 2 kwa dakika 15.

Kabla ya kukiamini nilikipima kwa barafu. Barafu iliyopondwa ikichanganywa na maji kidogo hukaa kwenye nyuzi 0, na kirekodi kikifungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuzamishwa humo kwa nusu saa kinapaswa kusoma 0 au karibu sana. Hapa Mombasa angalia maji unayogandisha. Ya visima vingi yana chumvi, na maji ya chumvi huganda chini ya sifuri, kwa hivyo nilitumia ya chupa. Changu kilisoma 0.5, kosa ninaloweza kuishi nalo.

Nikakiweka rafu ya juu karibu na ukuta wa nyuma, palipokuwa na pakiti za insulini, na kuchelewesha kuanza kwa saa mbili ili kipoe kwanza. Nilipopakua, grafu ilionyesha mchana nyuzi 5 hadi 7, kama daftari. Kuanzia saa nane usiku mstari ulishuka, na alfajiri ukafika -1.

Mwenye duka alishangaa. "Mwanangu, Mombasa hii, kaskazi hii, dawa itaganda vipi?"

"Ni kwa sababu ya kaskazi, mzee," nikamwambia, nikamwonyesha saa kwenye grafu. Joto la Januari hadi Machi linafanya kila mtu apandishe namba ya kitufe cha baridi cha friji hadi mwisho. Mchana mlango unafunguliwa kila dakika na namba hiyo inafaa. Usiku mlango umefungwa, mtaa umepoa, na hewa ya baridi kutoka sehemu ya barafu inateremka moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma.

Pakiti zote za rafu ile tulizitoa kwenye mauzo. Zilikuwa fedha nyingi, na mzee hakubishana hata kidogo. Namheshimu kwa hilo. Tukashusha namba kutoka 5 hadi 3, insulini ikahamia rafu ya kati ndani ya trei, na chupa za maji zikapangwa nyuma yake. Chupa hizo zinazuia dawa kugusa ukuta, na stima ikikatika zinachelewesha joto kupanda. Nilipopakua tena, alfajiri ilikuwa nyuzi 3.

Jambo moja kwa mwenzangu wa pwani: ukitoa kirekodi frijini usikichomeke papo hapo. Unyevu wa hewa yetu unakijaza umande, na maji kwenye USB yataharibu kirekodi na kompyuta. Nakitia kwenye mfuko uliofungwa nikiwa bado mlangoni mwa friji, nakiacha mezani hadi kizoee joto la chumba, ndipo nakifungua. Wakati huo insulini inalindwa na kile cha pili, ambacho mzee alikubali kununua na sasa kinakaa rafu ya juu, ukutani.