Jinsi nilivyoisoma Good Omens mpaka ikanikolea

Good Omens ni riwaya ya kuchekesha kuhusu kiama, na haimfai msomaji mwenye haraka. Waliiandika wawili, Terry Pratchett na Neil Gaiman, ikatoka mwaka 1990. Mpingakristo anazaliwa, masista wanaomtumikia Shetani wanakosea katika kubadilisha watoto, na kwa miaka 11 malaika Aziraphale na pepo Crowley wanamwangalia mtoto asiye mwenyewe. Yule halisi, Adam, anakulia kijijini huko Uingereza, akicheza na wenzake bila kujua lolote. Wahusika ni wengi na wanaingia vipande vipande.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kusoma kwanza sura ya sita ya Ufunuo, kitabu cha mwisho cha Biblia, penye wapanda farasi wanne wa kiama. Nikiwa na picha hiyo kichwani, niliona jinsi waandishi wanavyoichezea. Tauni, mmoja wao riwayani, amestaafu mwaka 1936 akinung'unikia dawa ya penisilini, na nafasi yake imechukuliwa na Uchafuzi. Njaa amekuwa mfanyabiashara, anawauzia watu wenye pesa vyakula vya kujikondesha visivyo na lishe yoyote. Hapo nilicheka, kisha nikafikiri kwa muda mrefu.

Tanbihi nazo nilizisoma papo hapo, kabla sijamaliza aya. Kuziacha mpaka mwisho wa sura ni hasara kubwa, kwani mara nyingi utamu wenyewe umewekwa huko chini. Ipo moja inayoeleza sarafu za zamani za Uingereza, hesabu inayokoroga akili, kisha inamalizia kwamba Waingereza walichelewa kukubali mfumo wa desimali kwa kuuona mgumu mno. Mazungumzo ya Aziraphale na Crowley niliyasoma kwa sauti. Yamejaa adabu na ubishi wa watu waliofahamiana tangu Edeni, na sikio huyanasa vizuri kuliko jicho.

Nilitaka pia kujua nani kaandika nini. Gaiman ndiye aliyeanza, kwa maneno yapatayo 5,000, kisha Pratchett akampigia simu wakaendelea pamoja, wakijadiliana kwa simu na kutumiana diski za kompyuta kwa posta. Sehemu za Adam zilikuwa zaidi za Pratchett, wapanda farasi wakawa zaidi wa Gaiman, lakini kuelekea mwisho walibadilishana wahusika. Baada ya kulijua hilo sikuhangaika tena kutenganisha kalamu zao. Nikaanza kufuatilia jambo lililonipendeza zaidi: mzaha uliopandwa mapema na kuvunwa kurasa nyingi mbele.

Mfano bora ni M25, barabara kuu inayoizunguka London. Mwanzoni Crowley anajivunia kwamba alifanya hila ijengwe kwa umbo la alama ya uovu, ili hasira za madereva ziwe kama sala ya kishetani kila siku. Unacheka, unapita. Baadaye barabara ileile inageuka pete ya moto, naye Crowley yuko ndani, na lazima atoke. Anaipitisha gari yake aina ya Bentley katikati ya miali, inaungua huku anaiendesha kwa nia tu. Ukurasa ule niliusoma nikiwa nimekaa wima.

Nilipomaliza nilirudia kurasa za Edeni, pale malaika anapokiri kuwa upanga wake wa moto ameugawa. Ukiisoma riwaya hii, uangalie sana upanga huo.