Nilivyoweza kumtafsiria bibi yangu filamu

Bibi yangu anapenda hadithi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Doudou na Mama Wakwe Zake, ile tamthilia ya Kichina iliyoonyeshwa TBC mwaka 2011 ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, anaikumbuka mpaka leo. Za Kituruki zilizofuata amezimaliza moja baada ya nyingine. Shida ilikuwa kwenye filamu na sizoni tulizokuwa tukizijadili sisi wajukuu wakati wa chakula. Zile zilikuja na maandishi ya Kiingereza chini ya kioo, na bibi alijifunza herufi hizi ukubwani, katika madarasa ya elimu ya watu wazima yaliyopewa msukumo mkubwa na serikali kuanzia mwaka 1970. Gazeti la Kiswahili analisoma kwa miwani, taratibu. Maandishi ya kigeni yanayopita na kupotea hayamfai kitu. Tukawa tunabishana mbele yake juu ya watu asiowajua, naye anakula kimya.

Nikaamua kumtafsiria kwa mdomo, nikikaa upande wa sikio lake linalosikia vizuri.

Kazi hii ina wakubwa wake. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, aliyejaza vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, kwa sauti yake. Kenya wana DJ Afro, na Uganda wana VJ Jingo na wenzake. Watu hao huichukua filamu ikawa yao: steringi hupewa jina la mtaani, adui hutaniwa, na mahali palipokuwa kimya hujazwa maneno. Nawaheshimu sana, maana waliwafikishia sinema watu ambao hakuna aliyewafikiria. Nilipomuuliza bibi kama anataka nimfanyie hivyo, alinijibu, "Mume wangu, wewe niambie wanachosema. Kucheka nitacheka mwenyewe."

Kwa hiyo nikatafuta njia yangu. Kwanza, filamu yoyote naiona peke yangu kabla, usiku, bando likiwa rahisi. Naitazama nikiwa na karatasi. Siandiki maneno yao, naandika nani ni nani kwa nani: huyu mtoto wa kwanza, huyu shemeji, huyu mfanyakazi aliyefukuzwa. Majina ya Kikorea au ya Kijapani bibi hayashiki, na sioni sababu ya kumchosha nayo. Undugu anaushika papo hapo na hausahau. Nikimwambia "yule wifi yake" anakigeukia kioo akijua pa kutazama.

Pia naangalia vipande ambavyo mjukuu hawezi kukaa na bibi yake akavitazama. Hivyo navipitisha haraka kwa rimoti. Yeye husema, "Umeruka," nami hujibu, "Nimeruka, bibi," tunaendelea.

Jambo lililonisaidia kuliko yote nililipata kwake. Ujanani alikuwa akienda sinema hapa Tanga mjini kuangalia filamu za Kihindi. Ameiona Bobby, ameiona Sholay, na Kihindi hajui. Nikamuuliza aliwezaje kulia kwa filamu asiyoielewa. Akasema aliielewa yote: mama akimtazama mwanawe namna ile, nini cha kutafsiri hapo? Tangu siku ile nikaanza kunyamaza. Nilikuwa nikiufukuzia kila mstari; sasa mtu akilia namwacha alie, mlango ukibamizwa nauacha ubamizwe, halafu nasema lile moja ambalo sura haikulisema. Filamu za siku hizi zina maneno mengi ya kunong'ona kuliko zile za kwake, lakini hata humo nusu ya maneno uso umeshayatangulia.

Filamu ya kwanza iliyotukaa vizuri ilikuwa Black Panther: Wakanda Forever, ya mwaka 2022. Nilimweleza kwanza kwamba kijana aliyecheza mfalme, Chadwick Boseman, alifariki kweli, Agosti 2020, kwa saratani, akiwa na miaka 43, na kwamba filamu hii waliifanya wakiwa na msiba wake. Akaitazama kama mtu aliyekwenda kuhani. Yale mazishi ya mwanzo, watu wote wamevaa meupe, wanacheza na kulia kwa pamoja, aliyarudia maneno, "Wamemzika vizuri. Wamemzika vizuri sana." Kisha inapita mwaka, na malkia, mama wa marehemu, anamchukua binti yake pembezoni mwa maji ili wachome nguo za msiba, binti hataki. Mimi nilipoiona peke yangu niliipita sehemu hiyo nikisubiri vita. Bibi, ambaye amekaa eda ya miezi minne na siku kumi, alikaa wima. Akasema yule binti hajaanua matanga, na asipoanua atamdhuru mtu. Hadithi yote iliyobaki ni hiyo hasa: Shuri, yule binti, anatafuta damu mpaka anapofika kwenye ukingo wa kuua, anaacha, na mwisho kabisa ndipo anazichoma zile nguo. Bibi alishaijua tangu mwanzoni. Vita vya baharini vilimchosha, akaniuliza lini tunarudi kwa wafiwa. Naafikiana naye. Filamu ina zaidi ya saa mbili na nusu, na sehemu zinazobaki moyoni ni zile ambazo watu wamekaa na huzuni yao.

Parasite ya Bong Joon-ho niliiogopa kidogo, kwa sababu ina hila nyingi na watu wanadanganyana kila dakika. Ndiyo iliyopata tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes mwaka 2019, kisha Februari 2020 ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda Oscar ya filamu bora. Hila hazikumpa bibi taabu hata kidogo. Familia maskini inaingia nyumba ya tajiri mmoja baada ya mwingine, mwalimu, dereva, mpishi. Alizifuata kwa furaha. Kilichomsimamisha ni harufu. Tajiri amelala kwenye kochi anamweleza mkewe jinsi dereva wao anavyonuka, na dereva mwenyewe amejificha chini ya meza, anasikia. Bibi alinishika mkono nisimamishe. Ujanani aliwahi kuwa yaya kwenye nyumba za watu. Alikaa kidogo, akasema, "Aliyetunga hii anajua. Tajiri muungwana hakutukani kwa mdomo, anakutukana kwa pua." Tukaendelea, na mwisho wa filamu, tajiri anapoziba pua mbele ya mtu anayekufa na dereva akamchoma kisu, bibi hakushtuka kama nilivyoshtuka mimi. Jirani yetu aliyekuwa amekuja kutazama hakukubali. Alisema wale maskini nao walimfukuzisha kazi maskini mwenzao, yule mtumishi wa zamani, kwa kumfanyia ujanja wa mapichi, matunda yanayomdhuru, na hakuna aliyemlilia. Walibishana mpaka chai ikapoa. Nimesoma sifa nyingi za filamu ile, na nadra sana nimekuta mtu akimtetea yule mtumishi kwa uchungu kama jirani yule.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa Adolescence, sizoni ya Kiingereza iliyotoka Machi 2025. Ina vipande vinne tu, na kila kipande kimepigwa kwa kamera isiyokatwa hata mara moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa mtazamaji huo ni ustadi. Kwa mtafsiri maana yake ni kwamba hakuna mahali pa kuvuta pumzi. Filamu nyingine zikibadilisha picha, zikionyesha barabara au nyumba kwa nje, mimi humalizia nilichobakiza. Hapa polisi wanavunja mlango, wanamkamata mtoto wa miaka 13 anayetuhumiwa kumuua msichana mwenzake wa shule, wanampakia garini, wanafika kituoni, na maneno hayakomi. Niliamua kuiona mara nyingi zaidi kabla ya kumwonyesha, na kila palipoanza mazungumzo mapya nikamtangulizia kwa sentensi moja: sasa wanamuuliza alikuwa wapi usiku, sasa baba anaonyeshwa picha. Baada ya hapo naacha. Anajua jambo linahusu nini, mengine anayatoa kwenye nyuso zao, na nyuso zile, wa Stephen Graham aliye baba na wa Owen Cooper aliye mtoto, zinatosha.

Niliogopa kipande cha pili. Mle mtoto wa mpelelezi anamweleza baba yake kwamba vile vikatuni na mioyo ya rangi ambavyo watoto wanaandikiana mtandaoni vina maana, kila rangi na lake, na kwamba marehemu alikuwa akimsimanga mtuhumiwa kupitia alama hizo bila mtu mzima yeyote kugundua. Nilijiandaa kueleza kwa muda mrefu. Bibi akanikata katikati: "Sasa hiyo si kanga tu? Mtu anapita mbele yako na jina la kanga mgongoni, hajafungua mdomo, na mtaa mzima umeshajua umetukanwa." Mpelelezi wa Kiingereza alihitaji mwanawe amkalishe chini. Mwanamke wa Ngamiani, hapa Tanga, aliyevaa kanga maisha yake yote hakuhitaji. Na hakuishia hapo, alinieleza kwamba kwa kanga angalau mama mtu huiona na anaweza kuingilia, lakini hizi za simu mama yuko jikoni na mwanawe anachinjwa chumbani. Nimeizungumza sizoni hii na vijana wenzangu wengi, na hakuna aliyeliweka jambo lake la msingi wazi namna hiyo.

Kipande cha tatu, mtoto na mwanasaikolojia ndani ya chumba kimoja, sikukitafsiri karibu kabisa baada ya dakika za mwanzo. Sauti ya yule mtoto inapanda, anasimama, kikombe kinatupwa, kisha anaomba radhi kama mtoto mdogo. Bibi alikuwa ameshika shavu. Swali lake lilikuja baadaye, nalo limenikaa: mama wa yule binti aliyeuawa yuko wapi, mbona hatupelekwi kwake hata mara moja? Kuna askari wa kike ndani ya sizoni anayelalamika hivyo hivyo, kwamba mtuhumiwa atakumbukwa na binti atasahauliwa. Nilimwambia hivyo. Akasema kama walijua, basi wangempeleka mtu. Mimi naona waandishi walichagua kwa makusudi kubaki na familia ya muuaji, na kipande cha mwisho cha baba kwenye kitanda cha mwanawe kinaonyesha walichopata kwa kuchagua hivyo. Lakini pengo aliloliona bibi lipo, na kila nikikumbuka sizoni ile sasa naliona.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji sikuitafsiri, maana ni ya Kiswahili, nayo ndiyo ilinipa raha ya kukaa tu. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021 na Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Kitabu cha Adam Shafi tulikisoma shuleni, kwa hiyo nilikuwa na Denge na Yasmini wangu kichwani. Picha za Unguja ya wakati wa Waingereza ni nzuri mno, na Siti Amina aliyecheza Mwajuma bibi alimpenda mara moja. Ila wote wawili tulisikia njaa ya maneno. Watu wa kitabu kile wanazungumza, wanataniana, wanapigana vijembe. Kwenye filamu wanatazamana sana. Bibi alisema, "Waswahili gani hawa wasiosema?" Nilikuwa nimengojea filamu ambayo angeisikia yote mwenyewe, ikaja ya watu wakimya.

Sasa tuko kwenye Shōgun, ile sizoni iliyochukua tuzo 18 za televisheni za Emmy mwaka 2024. Ni vipande kumi, na sehemu kubwa ni Kijapani, kwa hiyo nasoma Kiingereza nikisema Kiswahili. Bibi ameipenda kwa sababu ambayo sikuitarajia: ndani yake mna wakalimani. Baharia wa Kiingereza anafikishwa mbele ya Toranaga, bwana mkubwa wa Kijapani, na anayemsemea ni padri wa Kireno, adui wa taifa na dini ya baharia. Bibi alitaka kujua kama padri anageuza maneno. Nikamwambia hageuzi. Alishangaa, na alimheshimu padri tangu hapo. Kisha anakuja Mariko, mwanamke wa ukoo mkubwa, naye huyalainisha maneno ya baharia pale yanapoweza kumletea kifo. Bibi alimtazama sana. Usiku mmoja baharia aliropoka kwa hasira, Mariko akatoa maneno mawili ya adabu, nami nikatoa yangu. Bibi akanigeukia: "Na wewe, huwa unanipunguzia?"

Nikamwambia ukweli, kwamba matusi huwa nayaacha, kwa heshima yake.

"Yaseme," akasema. "Mimi ndiye nitakayejua lipi la hasira na lipi la ufisadi. Mtu nisipomsikia anavyotukana nitamjuaje?"

Tukarudi nyuma kidogo, nikamsemea alivyotukana. Akatikisa kichwa, akasema ana haki ya kukasirika lakini yuko ugenini, na Mariko amefanya vizuri. Kisha akaniambia niendelee.